Virusi katika kompyuta za Linux: namna ya kuvigundua na kuvizuia

Kauli ya kwamba Linux haipatwi na virusi imezoeleka kiasi kwamba wengi huirudia bila kujiuliza ina ukweli kiasi gani. Ukweli umo: mtumiaji wa kompyuta ya mezani anayechukua programu zake kutoka kwenye ghala rasmi la mfumo wake, na anayeusasisha mfumo huo mara kwa mara, anaweza kukaa miaka mingi bila kukutana na kirusi hata kimoja. Hata hivyo, kauli hiyo huwaponza wanaoipokea nzima nzima, hasa wenye seva, ruta na vifaa vidogo vinavyokaa mtandaoni usiku na mchana. Ninavyoona mimi, hatari kubwa kwenye Linux haimo katika faili lililoambukizwa linalongoja kufunguliwa, bali katika huduma iliyoachwa wazi, nenosiri dhaifu na programu iliyochukuliwa mahali pasipojulikana. Kwa sababu hiyo, anayetaka kugundua uvamizi hana budi kuijua kwanza mashine yake ilivyo inapokuwa salama.

Virusi kwa maana halisi ya neno, yaani vile vinavyojipachika ndani ya programu nyingine na kusambaa kutoka faili moja hadi jingine, vimewahi kuwako kwenye Linux. Staog kilionekana mwaka 1996, na Bliss kikajulikana mwaka 1997. Vyote viwili havikufika mbali. Programu za mfumo humilikiwa na mtumiaji mkuu, root, na mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuziandika upya. Kwa hiyo kirusi kilichoingia kupitia akaunti ya kawaida hukosa pa kujipachika, isipokuwa kipate kwanza tundu la kukipandisha hadi ngazi ya root, kama Staog kilivyojaribu kufanya. Matundu kiliyoyategemea yalizibwa, na habari yake ikaishia hapo.

Vilivyofuata vilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu havikuhitaji mtu afungue kitu chochote. Mnyoo (programu hasidi inayosambaa yenyewe) wa Ramen wa Januari 2001 ulizishambulia mashine za mfumo wa Linux uitwao Red Hat, matoleo ya 6.2 na 7.0, kupitia huduma zenye kasoro zilizokuwa zikisikiliza mtandaoni, ukaingia wenyewe, kisha ukaanza kutafuta mashine nyingine. Septemba 2002 ulikuja Slapper, uliopita katika kasoro ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, kwenye seva za tovuti za Apache. Ninaurudia mara nyingi mfano wa Slapper ninapozungumza na wasimamizi wa seva, kwa kuwa sasisho la kuiziba kasoro hiyo lilikuwa limekwisha kutolewa mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Walioathirika walikuwa na dawa kwa muda wa wiki kadhaa, ila hawakuitumia.

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai haikuhitaji hata kasoro ya programu. Ilibisha hodi kwenye kamera, ruta na vinasa video vinavyoendeshwa na Linux, ikajaribu orodha fupi ya majozi ya majina na manenosiri ya kiwandani, kama vile root na admin, na mamia ya maelfu ya vifaa yakaifungulia. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu, hivyo kukizima na kukiwasha kifaa kuliiondoa. Lakini kifaa kilichorudi mtandaoni na nenosiri lilelile kilitekwa tena baada ya muda mfupi.

Leo mvamizi wa seva ya Linux kwa kawaida hutaka mojawapo ya mambo machache: kuitumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali, kuigeuza mashine yako silaha ya kushambulia wengine, kuiba data, au kuyafunga mafaili yako kwa usimbaji na kudai kikombozi. La mwisho si nadharia. Juni 2017 programu iitwayo Erebus ilizifunga seva 153 za Linux za Nayana, kampuni ya Korea Kusini inayohifadhi tovuti za wateja, na kampuni hiyo ikalipa kikombozi cha thamani ya dola za Marekani milioni moja hivi kwa sarafu ya bitcoin. Tovuti yake ilikuwa ikiendeshwa kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, iliyojengwa mwaka 2008.

Kabla sijaingia katika ugunduzi, nisahihishe dhana moja inayowapa watu utulivu wasiostahili. Husemwa kwamba mradi mvamizi hana root, hakuna hasara. Kwa mfumo wenyewe hilo lina uzito. Kwa mwenye kompyuta halina. Picha zako, barua zako, funguo zako za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine nyingine ukiwa mbali) zilizomo katika folda ya .ssh, na vidakuzi vya kivinjari vinavyokuweka ndani ya akaunti zako za benki na barua pepe, vyote viko chini ya jina lako la mtumiaji, na programu yoyote unayoiendesha kwa jina hilo inaweza kuvisoma. Inaweza pia kujipa maisha marefu bila kumwomba root ruhusa, kwa kuandika mstari katika faili la .bashrc, linalosomwa kila unapofungua dirisha la amri, kwa kujiweka katika folda ya .config/autostart, yenye programu zinazoanza unapoingia, au kwa kujiandikisha katika ratiba yako ya cron, huduma inayoendesha amri kwa nyakati zilizopangwa.

Sasa tuje kwenye kugundua. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniomba nimtazamie seva iliyokuwa imekuwa nzito bila sababu ya wazi. Amri ya top, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, ilionyesha mchakato mmoja uitwao kdevtmpfsi ukila karibu nguvu yote ya prosesa. Mtu mwenye haraka angelipita jina hilo, kwa kuwa kerneli ya Linux kweli ina uzi wake wa ndani, yaani kazi inayoendeshwa na kerneli yenyewe, uitwao kdevtmpfs. Herufi i ya mwisho ndiyo iliyousaliti mchakato huo. Uzi halisi wa kerneli hauna faili la programu nyuma yake, huonyeshwa ndani ya mabano ya mraba katika orodha ya ps, na hauna sababu ya kuchemsha prosesa kwa saa nzima. Huu ulikuwa na faili. Nilipoandika ls -l /proc/ (folda ambamo kerneli huonyesha habari za michakato) ikifuatiwa na namba ya mchakato na /exe, jibu lilikuwa /tmp/kdevtmpfsi, likiwa na neno deleted mwishoni, maana yake programu ilikuwa imelifuta faili lake baada ya kuanza ili asiyejua asilikute kwenye diski. Faili la namna hiyo bado linaweza kunakiliwa kwa cp kutoka njia hiyohiyo ya /proc, mradi mchakato ungali hai, na nakala hiyo ni ushahidi mzuri. Ndiyo maana nashauri mtu asikimbilie kuua mchakato kabla ya kuutazama.

Tulipoua mchakato, ulirudi baada ya muda mfupi. Jambo hilo peke yake hufundisha mengi: kirusi cha seva mara chache huja peke yake, na mchimbaji anayeonekana huwa na mlinzi asiyeonekana. Mlinzi wa hapa alikuwa mchakato mwingine pamoja na mstari mmoja katika cron uliokuwa ukipakua skripti kutoka anwani ya mbali kila dakika na kuiendesha. Amri ya crontab -l haikuuonyesha, kwa sababu huonyesha ratiba ya mtumiaji aliyeiandika tu. Mstari ulikuwa katika ratiba ya mtumiaji wa huduma ya hifadhidata, na ulionekana tulipoifungua folda ya /var/spool/cron. Mlango nao ukajulikana papo hapo: Redis, ndiyo hifadhidata yenyewe, ilikuwa ikisikiliza kwenye poti 6379 (mlango wake wa mtandao) mbele ya mtandao mzima, bila nenosiri.

Sehemu nyingine za kutazama ni zilezile katika karibu kila uvamizi, na inafaa mikono izizoee. Amri ya ss -tulpn huonyesha poti zinazosikiliza na programu inayozimiliki. Kila mstari uwe na sababu unayoweza kuitaja. Amri ya last huonyesha walioingia, na kumbukumbu za huduma ya SSH, zinazosomwa kwa amri ya journalctl, huonyesha waliojaribu na waliofaulu. Faili la authorized_keys la kila mtumiaji, likiwemo la root, ndilo lenye funguo za SSH zinazoruhusiwa kuingia; lisiwe na ufunguo usioujua mwenyewe wake. Amri ya systemctl list-timers hufichua ratiba ambazo cron haizijui. Folda za /tmp, /var/tmp na /dev/shm huandikika na kila mtu, kwa hiyo programu inayoendeshwa kutoka humo inastahili kutiliwa shaka. Faili la /etc/ld.so.preload halipo kabisa katika mifumo mingi. Likiwepo, lisome mara moja, kwa kuwa kupitia humo maktaba moja huweza kupenyezwa ndani ya karibu kila programu inayoanza, na kuifanya ls isikuonyeshe mafaili fulani na ps isikuonyeshe michakato fulani.

Ukaguzi wa vifurushi ni njia ambayo, kwa maoni yangu, hupuuzwa isivyo haki. Mfumo unaotumia vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vya RPM, kama Red Hat na Fedora, huhifadhi alama za utambulisho za mafaili yake yote, na amri ya rpm -Va huzilinganisha na yaliyomo kwenye diski. Kwenye Debian na Ubuntu kazi hiyo hufanywa na debsums. Mafaili ya mipangilio kubadilika ni jambo la kawaida, na RPM huyatia herufi c ili yasikuchanganye. Lakini /usr/bin/ssh au /usr/sbin/sshd ikionekana imebadilika bila sasisho lolote, hapo una jambo zito mkononi. Programu iitwayo AIDE hufanya kazi ya aina hiyo kwa folda zozote utakazozichagua, kwa sharti moja: hifadhidata yake ihifadhiwe nje ya mashine inayolindwa, la sivyo mvamizi mwenye root ataiandika upya pamoja na mafaili mengine.

Programu za kusaka virusi nazo zina nafasi yake. ClamAV ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa zile za chanzo huria. Alama za virusi husasishwa kwa freshclam, na amri ya clamscan -r -i hupekua folda pamoja na zilizomo ndani yake na kutaja tu yaliyoambukizwa. Ijapokuwa hutumia kumbukumbu ya muda (RAM) nyingi, ninaipendekeza bila kusita kwa seva za barua pepe na za kugawana mafaili, kwa sababu huko hukamata virusi vya Windows vinavyopita kuelekea kwa watumiaji wa Windows. Kuhakikisha kwamba inafanya kazi, tumia faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 zisizo na madhara yoyote, ambalo programu za kuzuia virusi zimekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Lakini ClamAV hutambua hasa kile kinachojulikana tayari. Ufunguo mgeni katika authorized_keys si kirusi; ni mstari wa maandishi, na hakuna alama ya virusi itakayoukamata.

Kwa upande wa programu zinazojificha ndani kabisa ya mfumo kuna rkhunter na chkrootkit. Zote mbili hutoa tahadhari za uongo, na rkhunter hulalamika hasa baada ya masasisho ya kawaida, hadi utakapoiambia kwa rkhunter --propupd kwamba hali ya sasa ndiyo sahihi. Amri hiyo iandikwe tu pale unapokuwa na hakika kuwa mashine ni safi. Aidha, mtu asisahau kwamba zana hizi huuliza maswali yao kwa kerneli ileile ambayo huenda imekwisha kutekwa. Ukiwa na shaka ya kweli, zima mashine, iwashe kwa mfumo ulio kwenye flashi ya USB iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine, kisha uikague diski ukiwa nje yake. Kilichofichwa na kerneli iliyotekwa hakina pa kujificha wakati kerneli hiyo haiendeshwi.

Kuzuia ni kazi rahisi kuliko kugundua, na sehemu kubwa yake ni SSH. Seva yoyote yenye poti 22, ile ya SSH, wazi hupata majaribio ya manenosiri tangu saa zake za mwanzo mtandaoni. Tengeneza ufunguo kwa ssh-keygen -t ed25519, uweke nenosiri, uupeleke kwenye seva, kisha katika mipangilio ya sshd (huduma ya SSH kwenye seva) weka PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no. Kwenye Ubuntu, mafaili madogo yaliyomo katika folda ya /etc/ssh/sshd_config.d yanaweza kuitangua amri yako bila wewe kujua. Kwa hiyo usiridhike na ulichoandika, bali endesha sshd -T ukiwa root, uone mipangilio inayotumika kweli. Wakati wa kujaribu, acha dirisha la kwanza likiwa limeunganishwa na ufungue la pili. La pili likikataa kuingia, la kwanza litakuokoa.

Ukuta wa moto ufunge kila poti usiyoihitaji, na hifadhidata isikilize 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, pekee iwapo anayeitumia yuko kwenye mashine hiyohiyo. Watumiaji wa Docker, zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, wana tahadhari yao ya ziada: poti iliyotangazwa kwa chaguo la -p hupita pembeni ya sheria za ufw, programu ya ukuta wa moto, hivyo ufw inaweza kukuambia kwamba poti imefungwa ilhali dunia nzima inaifikia. Kuikwepa hali hiyo, andika -p 127.0.0.1:5432:5432 badala ya -p 5432:5432. Masasisho ya usalama yaachwe yajisakinishe yenyewe, kwa unattended-upgrades kwenye jamii ya Debian au dnf-automatic kwenye jamii ya Fedora. Wapo wanaohofia kwamba sasisho litavunja huduma, na hofu hiyo ina msingi. Lakini huduma iliyovunjwa na sasisho hurekebishika siku hiyohiyo, wakati seva iliyotekwa humpotezea mwenyewe imani ya wateja wake. SELinux na AppArmor, vizuizi vilivyo ndani ya kerneli, nazo zisizimwe kwa sababu ya kosa moja kwenye kumbukumbu za mfumo. Kazi yake ni kuifungia huduma iliyotekwa ndani ya eneo lake, na thamani yake huonekana siku kila kizuizi kingine kimeshindwa.

Linabaki suala la mahali programu zinapotoka. Vifurushi vya ghala rasmi hutiwa saini, na mfumo huikagua saini kabla ya kusakinisha. Ulinzi huo hutoweka mara tu unapoiga kutoka tovuti fulani mstari wa curl, amri ya kupakua, unaomiminwa moja kwa moja ndani ya bash, inayouendesha papo hapo, tena kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root. Pakua skripti kwanza, uisome, ndipo uamue. Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint wakaelekeza kiungo cha kupakulia kwenye nakala waliyoitia mlango wa nyuma, na Julai 2018 kifurushi cha acroread, kisoma PDF, kilichokuwa kimeachwa bila msimamizi katika AUR, ghala la watumiaji wa Arch, kilichukuliwa na mgeni aliyekitia skripti hasidi. Kulinganisha alama ya sha256sum, inayotambulisha yaliyomo ndani ya faili, husaidia tu ikiwa alama yenyewe imetoka mahali ambapo mvamizi hakufika; saini ya kidijitali ya GPG ina nguvu zaidi, kwa kuwa ufunguo wa kuitilia haukai kwenye seva ya tovuti.

Tukio la xz, programu ya kubana mafaili inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux, la mwaka 2024 lilionyesha kwamba hata ghala rasmi linaweza kufikiwa. Mtu aliyejiita Jia Tan alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kama msaidizi wa mradi huo, kisha akaingiza mlango wa nyuma katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliolenga huduma ya SSH. Haukugunduliwa na programu ya kusaka virusi. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwa SSH kunatumia prosesa kupita kawaida na kuchelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia hadi chanzo, na kutangaza tarehe 29 Machi, kabla matoleo hayo hayajaingia katika mifumo mingi iliyo imara. Aliijua hali ya kawaida ya mashine yake, na nusu sekunde ikamtosha.

Ukithibitisha kwamba mvamizi alifika ngazi ya root, usijaribu kuisafisha mashine. Tenga kifaa hicho na mtandao, hifadhi nakala ya diski na kumbukumbu za mfumo kwa ajili ya uchunguzi, kisha sakinisha upya kutoka mwanzo. Rudisha data pekee kutoka nakala rudufu, wala si programu, na uchague nakala iliyotangulia tarehe ya uvamizi. Kwa hiyo tarehe hiyo itafutwe kwanza katika kumbukumbu za mfumo, maana nakala ya wiki iliyopita inaweza kuwa imebeba ratiba ya cron ileile iliyokuletea balaa. Manenosiri yote na funguo zote zilizowahi kuguswa na mashine hiyo zibadilishwe ukiwa kwenye kompyuta nyingine, zikiwemo zile za huduma za nje ambazo programu zako huziweka katika mafaili ya mipangilio. Mashine mpya ikishasasishwa na kabla haijafunguliwa mtandao, tengeneza hifadhidata ya AIDE, uinakili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe diski hiyo.